Viatu Vinapopanda

Saa kumi na moja alfajiri mfereji umekohoa.
Mtu aliusahau wazi tangu Jumanne,
na sasa maji yanapiga mgongo wa karai
kama mgeni asiyejua kubisha hodi.
Umoja nzima imekwenda mashambani.
Sisi tuliobaki tunagawana presha ya bomba,
na ukimya pia tunagawana.

Mghoi anajaza mitungi, anajaza hata sufuria ya wali;
mazoea hayo hayaulizi kalenda.
Mimi napima unga.
Miaka ile tulikanda pakiti tatu,
chapati hamsini na mbili, na bado
kuna aliyelia kwamba mwenzake amekula tano.
Leo vikombe vinne,
nikaongeza cha tano
kwa ajili ya mtu ambaye huenda akapita.

Anayesukuma ni Righa. Miaka kumi na saba,
sauti yake imeshuka hadi kwenye miguu ya meza.
Chapati yake ya kwanza ina pembe na ghuba,
ramani ya nchi tusiyoijua.
Tumeila kabla haijapata jina.

Wakesho ameingia saa tatu kutoka zamu ya usiku,
akavua soksi mlangoni, akasema tu:
"Watoto saba, baba. Wote wamelia."
Kisha akalala kwenye kochi, beji ingali kifuani.
Nimemfunika leso ya mama yake
na nikaukumbuka usiku wa homa, yeye wa miaka miwili,
nikikimbia naye begani kuelekea zahanati,
maombi yote niliyofundishwa yamenitoka
ila neno moja: huyu,
huyu, tafadhali, huyu.

Mwakio tumempata saa saba, kwenye simu.
Picha yake ikaganda huko Doha, mdomo wazi,
kama anayetaka kuonjeshwa mchuzi.
Tukaisimamisha simu kwenye kopo la chumvi
tukala naye hivyo hivyo, ameganda,
na hakuna aliyethubutu kukata.

Sasa shukrani.
Mghoi huzitaka kwa sauti, kila mtu yake, kabla ya soda.
Zamani nilizitoa kwa jumla, mbio mbio, nyama isipoe:
uhai, kazi, chakula, amina.
Mwaka huu nimekwama.
Nimetazama chini, nikaiona miguu yangu.

Viatu hivi vilikuwa vya Righa. Vilimkataa Agosti.
Miaka ishirini viatu katika nyumba hii viliteremka,
Wakesho kwa Mwakio, Mwakio kwa Righa,
fundi Musembi akivishona na kuvishona tena
mpaka ngozi ikaisha, uzi ukabaki.
Kila Desemba nilichuchumaa dukani
nikibonyeza ncha kwa kidole gumba,
nikitafuta uwazi kule mbele,
nikiulipia uwazi ule pesa taslimu.
Umejaa.
Umejaa ukafurika, umepanda hadi kwangu.

"Nashukuru kwa viatu," nikasema.
Wakesho akacheka, macho kayafumba.
Righa akachunguza sahani yake.
Mghoi akangoja, akidhani ninavuta pumzi,
kisha akaona kwamba nimemaliza,
akanisogezea paja la kuku
ambalo siku zote lilikuwa la mtoto fulani.

Jikoni mfereji ukaanza kudondoka.
Kabla sijafungua kinywa
Righa alikwisha inuka, akaukaza,
akaukaza mara ya pili,
akinung'unika kwa sauti nzito, sauti yangu kabisa:
"Kwani nyumba hii maji tunaokota?"