Taulo la Jaji

Miaka kumi na saba nilipiga chapa hukumu za Mahakama Kuu,
hapa Arua, chumba cha nyuma, jirani na choo cha mawakili.
Najua kurasa arobaini zina uzito gani mkononi.
Najua pia kwamba ndani ya hizo arobaini
neno la kumwambia mtu ameshinda au ameshindwa
huwa moja tu, nalo hujificha
kama chawa kwenye mshono.

Siku hizi ninanyoa. Kibanda changu kiko Oli,
ubavuni mwa mashine ya kusaga muhogo.
Kichwa shilingi elfu mbili, ndevu kwa mapatano,
kesi bure.
Nakala huniletea Candiru wa masjala,
nami wanawe nawanyoa bila malipo.

Nikijitwika taulo jeupe utosini, mimi ni jaji.
Nikilitupa begani, ni wakili kutoka Kampala
anayekohoa kabla ya kila uongo.
Nikigonga chanuo mezani, mahakama simama!
na aliye kitini, nusu kanyolewa,
husimama naye.

Sisemi mrufani. Nasema:
yule aliyeshindwa kule Koboko akakataa kulala.
Sisemi zuio la muda. Nasema:
jaji kawaambia wote wagande walipo,
aliyeinua mguu abaki nao juu
mpaka yeye amalize kusoma.
Gharama za kesi sizifafanui. Hizo kila mtu anazijua.

Jumamosi ile ilikuwa kesi ya shamba, upande wa Vurra.
Shemeji kaleta karatasi: marehemu kaniuzia,
dole gumba lake hili hapa, wino wa zambarau.
Nikaweka taulo. "Lini?"
Tarehe tisa Machi, mheshimiwa.
"Na alizikwa lini?"
Wakili akakohoa.
Akakohoa tena.
Februari, mheshimiwa. Mwanzoni.
"Kwa hiyo," nikasema, nikishusha miwani nisiyo nayo,
"muuzaji alitoka kaburini, akachovya kidole,
akahesabu fedha, akadai chenji,
akarudi kulala?"

Wakacheka. Msagaji akazima mashine yake ili acheke vizuri.
Na yangu ikazimika yenyewe: umeme umekwenda,
Adiga wa bodaboda kabaki upande mmoja kipara, upande mmoja msitu,
na kesi imekwama hapo hapo, kalamu ya jaji hewani.

Kwenye benchi la mlangoni palikuwa na mama,
kamleta mwanawe anyolewe, shule zinafunguliwa.
Hakuwa amecheka.
"Shemeji huyo," akauliza, "anaitwa Onzima?"

Mimi sitaji majina. Sijawahi.
Taulo likateleza, likanifunika jicho.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilikaa mbele, na kitenge changu cha msiba.
Alisoma Kiingereza tangu saa tatu mpaka adhuhuri.
Wakili wangu alikuwa na kesi nyingine Nebbi.
Nikamwona Onzima anatoka na simu sikioni, anacheka,
nikajua nimekwisha.
Tangu Agosti tunalala kwa dada yangu, Ediofe.
Shamba sijalikanyaga."

Ukurasa wa thelathini na nane, mstari wa tisa.
Niliutafuta kooni kwa sauti ya jaji, sikuupata.
Ikatoka ile yangu ya zamani, ya mpiga chapa, kavu:
"Ulishinda, mama. Lote. Mpaka mtoni."

Msagaji akaangalia unga miguuni mwake.
Pengine Onzima alikuwa anachekea jambo jingine kwenye simu.
Pengine alikuwa anajikaza tu, hata yeye hakuelewa.
Miezi mitano, na mimi nilikuwa na karatasi ile
chini ya mkebe wa viwembe,
nikiingoja Jumamosi yenye watu wengi.

Mama hakulia. Alisema, "Rudia."
Nikarudia.
"Rudia tena," akasema, "lakini na taulo."

Nilipolivaa, Adiga na nusu ya nywele zake
alikuwa ameshawasha pikipiki nje,
anauliza Vurra ni upande gani, mama,
kabla ya mto au baada?