Sabufa Juu ya Kochi

Jana Shaame kaikalisha sabufa juu ya kochi,
pahala pake mwenyewe, pale pembeni palipobonyea,
kaifuta vumbi kwa kanga yangu
(hilo tutalizungumza siku nyengine),
kisha akapiga magoti kama mtoto wa miezi minane
akaanza kutambaa.

Ati ndivyo inavyofanywa.
Unaiweka besi pale unapokaa wewe,
wewe unakwenda chini, sikio usawa wa zulia,
unazunguka chumba taratibu, ukuta kwa ukuta,
na utakapoisikia imejaa, imetulia, haina matope,
hapo ndipo pa kuiweka.
Kinachosikika huku kikitoka kule
kitasikika kule kikitoka huku.
Nikamwambia, mume wangu, hilo hata watu hawaliwezi.

Mwezi mzima tumekaa na mtutumo.
Imetoka Dubai, ya mtu, ina mkwaruzo ubavuni,
kainunua Mlandege kwa pesa za friji
akaisukumia konani kwa kuwa kona ilikuwa tupu.
Ikavimba. Kila filamu ikawa lori la mawe
linalopanda ngazi za jengo letu hapa Michenzani.
Vikombe vya harusi vikacheza kabatini.
Na katikati ya chumba, tunapokaa sisi wenyewe,
hakuna kitu: besi inatupita chini ya miguu
inakwenda kwa Bi Mize wa ghorofa ya pili,
naye anagonga dari kwa mpini wa ufagio.
Shaame akaongeza. Bi Mize akaongeza.

Sasa anatambaa.
Chini ya meza, nyembamba.
Kando ya televisheni, inaungurumia puani.
Nyuma ya pazia imepotea kabisa, kama mtu aliyekopa.
Nassir kampanda mgongoni, anamchapa, twende, twende,
na babaake, fundi umeme mwenye vyeti viwili,
anasema nyamaza mwanangu, nasikiliza.

Nikauacha mchele kwenye ungo.
Nikamwambia, nenda nyuma ya mlango,
baina ya cherehani na dirisha,
hatua mbili kutoka kona. Si konani.
Akanitazama. Kwani umesomea wapi wewe?

Sikusoma.
Mwaka ule uliokuwa ukirudi saa nane za usiku
mie nilikuwa nakaa hapo, sakafuni, taa nimezima.
Vespa yako ikiingia tu kwenye mzunguko,
dirisha halijasikia, paka hajanyanyua kichwa,
hapo ilikwishafika, ndani ya mbavu.
Nilikijaribu chumba kizima, usiku baada ya usiku.
Kitandani haifiki.
Mlangoni inachanganyika na za watu.
Hapo tu.

Hakujibu. Akaenda kwa magoti mpaka nyuma ya mlango,
mtoto mgongoni, akainamisha kichwa.
Akakaa muda mrefu kuliko alivyohitaji.

Tumeihamisha baada ya isha.
Nimekata mkeka mkuukuu vipande vinne, kila mguu na chake.
Sauti kaiteremsha chini ya nusu,
na kuna kiswichi huko nyuma, hajawahi kukigusa,
akakigeuza upande wa pili.
Mvua ya kwenye filamu ikaanza mbali,
ikaja, ikatukalia vifuani sote watatu,
kabatini hakikutikisika hata kijiko.

Saa tatu na nusu Bi Mize kapanda ngazi, anahema,
kuja kuuliza kama kwetu
umeme umekatika.