Steringi Hafi

Kibanda umiza cha Igogo, mabenchi yasiyo na mgongo,
mia tano mlangoni, mbu bila malipo.
Sehemu ya nne, ya mwisho. Miaka sita nimeisubiri.
Nimetoka zamu kiwandani sijaoga,
vidole bado vina ganzi ya barafu, kucha zina magamba ya sangara.
Dada wa mbele yangu akageuka, akanusa, akahama.
Sawa. Nikanyoosha miguu.

Kwa wasioijua:
kuna mji ndani ya ukuta, una taa, una maji,
na sisi (nasema sisi, nisameheni)
sisi wa nje tunapanga foleni ya ndoo.
Mtoto akizaliwa hapewi jina, anapewa tarakimu.
Yupo msichana, Sabini na Tatu,
aliyeiba daftari la majina ya kale
akawa anawagawia watu usiku, mlango kwa mlango,
kama jirani anayegawa chumvi.
Basi, hapo ndipo niliponaswa.

Ya kwanza niliiona na kaka yangu Luhende.
Tulikula hela ya kusaga mahindi,
tukamwambia mama mashine imekata mkanda.
Ya tatu, msichana alipopigwa risasi darajani,
kibanda kizima kilisimama,
Luhende akafoka: "Kaeni chini! Steringi hafi!"
Na kweli hakufa.
Mwezi uliofuata Luhende akaenda Geita, kwenye mashimo,
na simu yake hupatikana tu akipanda kichuguu.

Mfasiri wetu ni yuleyule, Dijei Kabwela.
Sauti yake moja ndiyo askari, ndiyo bibi kizee, ndiyo mbwa.
Sabini na Tatu kwake huongea
kama muuza mitumba wa Mlango Mmoja.
Tumezoea. Tunampenda hivyo.

Ukuta ukaanguka mapema mno, nusu saa tu.
Tukapiga makofi, halafu tukatazamana: sasa kimebaki nini?
Kikabaki kikao.
Waliouangusha wakaketi mezani, wakaomba karatasi,
wakaanza kuandika tarakimu mpya.
"Kwa muda tu," akasema mwenyekiti, "chakula kigawike kwa haki."
Nikashika benchi. Mpige huyo. Mpige!

Hakumpiga.
Alitoka, akashuka mtoni, akafua shati la mtu aliyekufa sehemu ya pili.
Akaanza kuongea na maji.
Na Dijei Kabwela akanyamaza.
Tukadhani spika imekufa, lakini pumzi zake zilisikika.
Kisha, polepole: "Hapa... hapa msikilizeni mwenyewe."

Sauti nyembamba, imekwaruza, kama ya mtu mwenye mafua.
Lugha siijui.
Miaka sita nimempenda binti huyu
na sikuwahi kumsikia.
Kuna neno alilirudia. Nadhani ni jina.
Nilihesabu: mara tisa. Kisha giza, maandishi.

"Rudisha hela!" Kibanda kikazomea.
Mtu akarusha maganda ya karanga.
Mafuru mwenye kibanda akasimama mlangoni mikono juu:
"Imeisha, jamani, si mimi niliyeitengeneza."
Nami nilikuwa na hasira, sikatai.
Nilitaka yule mwenyekiti aanguke kutoka juu, tena polepole.

Nikateremka hadi ziwani.
Magugumaji yamefunga ufuko, chura wanapiga kelele ndani yake,
na ng'ambo taa za kiwanda.
Kesho saa kumi na mbili nitavaa koti jeupe,
msimamizi ataita, "Mia na Nne!"
nami nitaitika. Si ubaya, ni kwa ajili ya dobi,
makoti yasichanganyike.

Simu ikaita. Luhende, upepo mwingi.
"Umeiona? Usinisimulie! Niambie moja tu, alikufa?"
"Hakufa."
"Si nilikwambia!"
Akacheka, akacheka, mtandao ukamkata katikati ya kicheko.

Nikabaki na simu sikioni.
Nikajaribu kulitamka lile neno.
Halikukaa vizuri ulimini.
Nikajaribu tena.