Siku Tatu za Sufuria Moja

Kadutu, saa mbili usiku. Umeme umekwenda tena,
mashine ya mvuke imebaki kinywa wazi.
Nimewasha mbabula nyuma ya maabara,
nikaazima sufuria ya Mama Cibalonza,
ile ya maharagi, yenye sikio moja.

Ndani, chupa kumi na mbili za mchuzi wa kukuzia vijidudu.
Maji yanatokota. Lakini Bukavu iko juu;
hapa maji huchemka kabla ya kufika mia,
kama mtu mwenye hasira za karibu.

Bakteria walio wazi wanakufa.
Spora hafi.
Amekausha maji yake ya ndani,
amevaa koti juu ya koti,
amekalia jina lake
kama bibi aliyekalia sanduku la hati za shamba.
Hali. Hapumui. Hana deni na mtu.

Fundi Cirhuza alinifundisha: usimzidishie moto,
mngoje.
Basi naepua, nafunika, naenda kulala.
Chupa zinapoa polepole,
na yeye huko ndani anasikiliza.
Moto wenyewe ndio uliobisha hodi.
Anaonja mchuzi. Anasema, labda yamepita.
Anavua koti.

Kesho yake nawasha tena.

Na kesho kutwa, kwa waliochelewa kuamini.

Tuliporudi kutoka Idjwi, Mama alifungua fundo moja tu.
Siku ya pili akatundika pazia.
Sitaki kusema la siku ya tatu.

Chupa moja huwa naiweka kando, daftari linadai.
Ile naichemsha mara moja, kisha namhudumia:
joto la kiganja, na wanga kidogo,
kama uji wa mgonjwa,
maana aliyetoka motoni hudhurika na vitu
ambavyo mzima havioni,
na wanga huvifyonza kabla havijamfika.

Siku ya kwanza, mchuzi mweupe. Ya nne, mweupe.
Mwanafunzi wangu Mugisho anashika kalamu:
niandike amekufa?
Hapana, mwanangu. Andika: hajajibu.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, mvua juu ya mabati,
nainua chupa dirishani
na chini kabisa kuna ukungu,
mdogo, kama pumzi kwenye kioo.

Mugisho amefurahi.
Mimi natafuta kiberiti.