Kijiko cha Chuma

Miaka ishirini na miwili nilifua bati Kamukunji:
masanduku ya wanafunzi, karai, majiko,
nyundo mbele yangu, nyundo nyuma, nyundo za jirani mapengoni,
na usiku nililala kama gunia.
Sasa ninakimbia kijiko.

Kijiko tu. Mbithe akikoroga chai
kitu kinanichoma hapa, nyuma ya taya,
kama msumari unaotafuta mbao.
Kitunguu kwenye kaango. Karatasi ya mkate.
Sukuma ikikatwa nyembamba, chaka chaka chaka,
mimi huyo, niko nje, nimeshika ukuta.
Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.
Langu husikia hata dawa ikitolewa kwenye pakiti.

Tunakaa Maringo. Majirani wanasema
jina la mtaa limenipanda kichwani.
Shemeji alileta maji ya maombi.
Nami niliziba: pamba, kisha nta, kisha pamba juu ya nta,
nikaketi ndani ya kichwa changu kama mwizi chini ya kitanda.
Kila nilipofungua, dunia ilikuwa imepandisha bei.

Bi Jerotich, mpimaji wa masikio, ananiweka
katika kisanduku chenye kuta za sponji.
(Masanduku nimeunda maelfu; sikuwahi kuingia hata moja.)
Nibonyeze kitufe nikisikia. Nabonyeza.
Sauti za juu kabisa, zile za ndege wadogo, hazifiki.
Zimekufa, anasema, polepole, bila matanga.
Halafu anapandisha nyingine. "Niambie ikianza kukera."
Tayari.
"Tayari? Hii ni kama mtu akiongea na mwenzake."
Nimesema tayari.

Anachora nyuma ya bahasha: konokono,
na ndani yake vinyweleo
vilivyolala kama nyasi walipopita ng'ombe.
Ubongo umezoea kuletewa habari, anasema.
Habari zikipungua haunyamazi, unazungusha kitufe,
kama babu na redio yake mawe yakiisha:
anaongeza sauti, anaongeza,
mpaka mkwaruzo nao unakuwa taarifa.
Debe tupu haliachi kutika. Nikacheka.
Hayo madebe niliyaunda mimi.

Basi ni nyundo?
Anaweka kalamu chini. Huenda.
Wenzako wangapi walifua na wanalala usingizi?
Na yuko karani, hajapiga hata mlango, ilimwanza baada ya homa;
na mama aliyeangukiwa na tawi; na mtoto aliyezaliwa hivyo.
"Tunauliza bado," akasema,
na nikampenda kwa neno hilo, bado.
Kwenye fomu yake pana maswali arobaini.
La kumi na saba: Je, umewahi kumchukia mtu
unayempenda, kwa ajili ya sauti anayotoa?
Niliruka hilo.

Ameninyang'anya pamba. Aliyekaa gizani, anasema,
hata kiberiti humpofusha.
Amenipa kijisauti cha kuvaa sikioni,
shhh ya mvua ya mbali isiyofika,
kila siku, miezi, labda mwaka, labda zaidi.
Mvua ya kweli ya Aprili ilipopiga mabati ya kibanda cha jirani
nilikunja magoti bafuni nikalia. Sikumwambia.

Mbithe alinunua mwiko wa mti, mdogo.
Mwaka mzima chai yetu imekorogwa kwa siri.
Jumapili iliyopita nikamwambia: kilete kile kijiko.
Akanitazama.
Kilete.
Akakoroga mara moja, akangoja. Mara ya pili, akangoja.
Nilikuwa nimeishika meza kwa mikono miwili,
mikono ileile.
Ya tatu ilinishinda.
Lakini nilimsikia akipumua, kwa mbali, nyuma ya kijiko,
na hiyo haikuuma.