Mstari Unaopita Jikoni

Barua ya manispaa ilifika Jumanne,
imekunjwa mara tatu, ramani ndani yake.
Nyumba yangu humo ni kisanduku, kama cha kiberiti,
na mstari mwekundu, mwembamba kama uzi wa vifungo,
umeingia kwa mlango wa nyuma bila hodi,
ukakata jiko, ukapita kati ya jokofu na sinki,
ukatokea dirisha la bafuni
kwenda kwa kina Brandreth, ambao hawapo.

Upande huu, manjano: unaweza kuomba.
Upande ule, nyekundu: usijisumbue.

Nilikuwa nimeomba chumba kimoja tu.
Mita nne kwa tano, ukuta wa mbao, bati juu,
kwa ajili ya Merrin, aliyerudi kutoka Geraldton
na watoto wawili, mabegi matano,
pete mfukoni badala ya kidoleni.

Bwana Weeratunga alikuja na kifaa cha kupima mteremko.
Mpole, kofia pana, viatu vya ofisini.
“Tatizo ni kilima,” akasema.
“Moto hukipanda mbio kuliko unavyokishuka.”
Nikamwambia mimi na moto tumetofautiana hapo;
magoti yangu yangetoa ushahidi.
Hakucheka. Aliandika.
Tangi la maji, lita elfu kumi, koki ya shaba.
Wavu wa chuma madirishani, tundu lisizidi milimita mbili.
Njia pana kiasi cha gari la zimamoto kugeuka
bila kurudi kinyumenyume.
Na miti yote ndani ya mita ishirini, ikatwe.

Nikaenda kabatini nikamletea barua nyingine,
nembo ileile, muhuri uleule:
mkaratusi wa mashariki usiguswe. Una tundu.
Kasuku weusi hutaga humo.
Akaisoma mara mbili. Akavua kofia.
“Ghorofa ya pili,” akasema,
kama mtu anayemtaja shemeji yake.

Wahenga walisema moto huzaa majivu.
Hawakuishi kumwona mjukuu:
majivu nayo yamezaa karatasi.
Hollis Brandreth alirudi siku ya nne
akakuta dohani imesimama peke yake
na beseni la kuogea limejaa vigae.
Akaomba kujenga palepale. Miaka mitatu akaomba.
Ardhi ni yake, hati ni yake, kodi ni yake;
ruhusa tu ndiyo ya watu.
Siku hizi anakaa fleti karibu na uwanja wa ndege wa Perth,
na kila Jumapili huja kufyeka nyasi
za kiwanja kisicho na nyumba,
maana sheria hiyo nayo ipo: usipofyeka, faini.

Sisemi ramani inadanganya.
Nilikuwepo usiku ule. Upepo wa mashariki,
magome yenye moto yakivuka bonde kama popo,
Hollis juu ya bati na mpira wa maji
mpaka maji yakakatika, na yeye akiwa bado ameushika.
Mstari umechorwa pale moto ulipochoka.
Hilo ndilo linaloniudhi.

Jibu lilikuja: hapana, kurasa sita.

Merrin na watoto nimewapa chumba changu, manjano tupu.
Kitanda cha kukunja nimekitandika jikoni,
kichwa kwenye sinki, miguu mlango wa nyuma.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
hiki nakilalia, nawajua kwa majina:
mteremko, gome, upepo, mfereji wa paa uliojaa majani.
Buti chini. Ufunguo wa gari msumarini.
Redio kwa sauti ya mgonjwa.

Tamsin, yule mdogo, amechukua chaki
akachora mstari sakafuni, mahali ramani inaposema.
Asubuhi husimama upande wake akiniomba mkate.
Namwambia aje achukue.
Anaitazama chaki, ananitazama,
anaruka miguu pamoja,
anaunyakua, anaruka tena kurudi.