Kitanda cha Wageni

Usikunje. Nasema tena, Lorena, usikunje.
Kitambaa kikitoka kwenye pasi kina joto la mkate,
kina unyevu ambao jicho haliuoni.
Ukikikunja sasa kitaushika huo mkunjo
kama mtoto anavyolishika tusi alilolisikia mara moja.

Kiache kipoe. Kilale chali mezani.
Kisha leta yale mabomba ya karatasi ngumu
anayoyaomba Isbrand kwenye duka la mazulia mjini
(anasema wamemchoka; nami nasema, heri kuchokwa).
Bomba livike shuka kuukuu, karatasi isije ikala rangi,
halafu viringisha, maua yakitazama nje,
usivute, usilegeze.

Vipande vipana, vya mgongo wa mfarishi,
havikuwa na bomba la kuvitosha.
Nikavitandaza juu ya kitanda cha wageni,
kimoja juu ya kimoja, kumi na saba,
buluu chini kabisa, njano ya haradali juu,
nikafunga mlango.
Miaka minne hakulala mgeni nyumba hii.
Dada yangu Justina alifikia hotelini. Bado amenuna.

Dhoruba ya Februari, hapa Manitoba, si habari.
Lakini ile ilifuta barabara, ikafuta uzio,
na saa nane ya usiku mlango ukagongwa:
Kornelius, huyu huyu mumeo,
tuliyekuwa hatusemezani naye tangu tuuze ng'ombe.
Ndevu zimeganda. Viatu vimejaa theluji.
Sikumuuliza kitu. Nilimwonyesha kochi.

Kochi ni fupi,
na yeye ni mrefu tangu ana miaka kumi na mitatu.

Asubuhi kochi lilikuwa tupu.
Nikafungua mlango wa chumba kile.
Alikuwa amelala juu ya haradali, na koti lake,
magoti kifuani, mdomo wazi,
na vyote kumi na saba vimefinyangika chini yake
mithili ya ziwa lililochapwa na upepo.

Pasi ilikuwa jikoni, imeshaanza kufoka mvuke.
Nikarudi nikaizima.

Siku hizi naviringisha vyote, hata vipana;
Isbrand aliunga mabomba mawili kwa gundi na msumari.
Kitanda kiko wazi. Ndicho mlicholalia jana.

Kile cha haradali tu ndicho nilichokikunja.
Kiko droo ya chini, kama alivyokiacha.
Hicho usikiguse.
Usikipige pasi.